Maneno Kumi kwa Siku

Mwalimu Sadoki alipomletea Ferista kitabu cha Kiingereza cha watoto, kilichochakaa hadi jalada lake limeshonwa kwa uzi, Ferista alikifungua ukurasa wa kwanza akamwona tembo. Akageuza, akamwona mfalme amekaa kwenye kiti chake. Akakifunga.

"Mwalimu," akasema, "mimi tembo sijamshika tangu nizaliwe. Na mfalme haji kununua mchele hapa Tunduma. Nipe maneno ya vitu ninavyovishika."

Mzee wa watu alikasirika. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na minane huko Mbozi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumchagulia pa kuanzia. Lakini kesho yake alirudi bila kitabu, amebeba daftari jipya na kalamu mbili, wakapatana. Kila siku Ferista angeandika kwa Kiswahili vitu kumi ambavyo mkono wake umevigusa tangu alipoamka, na jioni Mwalimu akipita kwenda nyumbani angemwandikia Kiingereza chake pembeni, kisha amsomeshe mpaka ulimi ukubali. Siku ya kwanza daftari lilisema: mlango, ndoo, maji, sabuni, kanga, kuni, sufuria, kisado, mchele, simu. Kwenye neno la mwisho Mwalimu aliandika polepole, kwa sababu alijua lilikotokea.

Ferista ana miaka hamsini na tisa. Ni Mnamwanga wa kwao Ndalambo, mjane, na anauza mchele wa Kamsamba kwenye soko lililo karibu na mpaka. Kumpata si kazi, utamsikia kabla hujamwona, maana ana sauti ya kwaya na haoni sababu ya kuipunguza kwa ajili ya biashara. Anawauzia Watanzania kwa Kiswahili, watu wa Nakonde kwa Kinamwanga, na akina mama wanaotoka mbali zaidi huko Zambia kwa Kibemba cha sokoni ambacho kinamtosha kusifia, kubembeleza na kukataa. Hakuna mteja aliyewahi kumshinda kwa lugha. Kwa hiyo alipoanza kukariri Kiingereza huku anapima mchele, soko zima lilipata la kuchekea.

"Mama Erica, umepata dereva wa lori nini?" Sabra alimtania. Sabra ni Mrangi wa Kondoa, anauza mafuta ya kula meza ya pili. "Tuambie mapema tushone sare."

"Nimepata wawili," Ferista akajibu, "mmoja nitakuachia wewe."

Wakacheka, naye akacheka nao. Mjini Tunduma watu hujifunza Kiingereza kwa sababu zinazoonekana. Kijana anataka kazi ya kugomboa mizigo, mwingine anabadilisha fedha, binti anataka kukaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Muuza mchele wa umri ule anakitakia nini? Binadamu ni mwepesi sana wa kucheka jambo ambalo hajui limeanzia wapi, na hili lilianzia pabaya.

Ferista alizaa watoto wawili tu, Erica na Clever. Erica alikwenda Lusaka kusomea ushonaji, akakutana huko na Sebastian, Mtonga wa Choma, wakaoana, wakahamia kwao Choma, kusini kabisa, safari ya siku mbili kwa basi ukianzia Nakonde. Sebastian alikuja kujitambulisha mara moja. Kwa desturi ya ukoo wa Ferista, mkwe na mama mkwe hawasemezani mpaka ifanywe siku ya kumlisha mkwe, ambapo wanawake wa ukoo humpikia, humwimbia, na ndipo mdomo wake hufunguliwa kwa mama mkwe. Siku hiyo ilipangwa, ikaahirishwa kwa mavuno, ikapangwa tena, ikaahirishwa kwa msiba, miaka ikapita. Wala hakuna aliyeona hasara. Sebastian alikuwa kijana mwenye adabu zake. Akiwa na neno kwa mama mkwe alimpa Clever, shemeji yake, anayeendesha basi dogo la Itumba, na Clever alilifikisha. Ferista hakuihifadhi hata namba yake ya simu. Mkwe hasemezwi, namba yake ya nini?

Erica mwenyewe alipiga kila Jumapili baada ya ibada. Alikuwa amemwekea mama yake laini ya Zambia kwenye simu ili gharama isiwaumize, na kupitia laini hiyo mama na mwana walizungumza Kinamwanga mpaka chaji iishe. Kwa siku nyingine zote za wiki laini ile haikuwa na kazi ila kuleta ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa watu wa mtandao. Nunua hiki, shinda kile, heri ya sikukuu ambayo kwetu si sikukuu. Mtu yeyote wa mpakani mwenye laini ya ng'ambo anajua kelele hizo, na anajua dawa yake: huzifungui. Simu inalia mlio wa ujumbe, unaitazama, unaona Kiingereza, unairudisha mfukoni. Ferista alifanya hivyo miaka saba, kama walivyofanya jirani zake wote.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi simu ililia mlio wa ujumbe akiwa anampimia mteja. Akaitazama, akairudisha kwenye mfuko wa aproni. Jumanne ikalia tena. Alhamisi tena.

"Hawa watu wa mtandao hawachoki," alimwambia Sabra.

Jumamosi alikwenda kupika kwenye kitchen party ya binti wa jirani. Alisonga ugali wa watu themanini, akacheza, akapiga vigelegele hadi koo likakauka. Jumapili Erica hakupiga. Mtandao, akajisemea. Akalala.

Jumatano iliyofuata wifi yake Marita alivuka kutoka Nakonde. Marita ni dada wa marehemu mume wake, na hana tabia ya kufika sokoni asubuhi. Alikuja amejifunga kanga mbili, akaipita meza ya Sabra bila salamu, akamkumbatia Ferista akaanza kulia.

"Pole, wifi. Pole sana. Nimeambiwa jana usiku na mwanangu, alikuwako huko mazishini."

"Pole ya nini?" Ferista akauliza.

Wanaokumbuka asubuhi ile wanasema Marita alirudi nyuma hatua moja, akashika mdomo. Alikuwa amekuja kuomboleza pamoja na mama aliyefiwa, akakuta mama ambaye hajui. Ikabidi aseme. Alisema pale pale, kati ya mchele na mafuta, kwa Kinamwanga, na Sabra ambaye haelewi hata neno moja la lugha hiyo alielewa yote kwa kumwona Ferista akikaa chini polepole juu ya gunia.

Mwalimu Sadoki aliitwa kwa sababu ndiye mtu mzima aliyekuwa karibu, tena anajua Kiingereza. Alishika ile simu akashuka na kidole, akipita ofa na bahati nasibu, mpaka akafika kwenye namba isiyo na jina. Zilikuwa jumbe tatu. Wa Jumatatu ulisema: Mama, naomba radhi kukuandikia, Clever hapatikani, Erica amelazwa, ni homa ya ubongo, madaktari wanasema njoo haraka. Wa Jumanne ulisema: Mama, Erica anakuulizia. Wa Alhamisi ulisema kwamba Erica amefariki alfajiri na watamzika Jumamosi saa nane.

Clever hakupatikana kwa kuwa simu yake ilikuwa imeibiwa stendi wiki ile. Na Sebastian hakupiga kwa kuwa ana adabu. Kuandika si kusema, aliona kwamba kwa kuandika hajavunja desturi ya watu. Utamlaumu nani? Watu wa ukoo walikaa matanga siku tatu wakitafuta wa kumlaumu, hawakumpata, na kila mmoja akarudi kwake. Ferista peke yake hakutafuta mbali. Jumamosi saa nane, alipokuwa anapiga vigelegele, mwanawe alikuwa anashushwa kaburini, na habari ilikuwa imekaa kwenye mfuko wake wa aproni tangu Alhamisi. Alilia kwa sauti yake yote ile, siku kadhaa, mpaka sauti ikamwisha.

Wazee waliamua kwamba asiende Choma. Kaburi limeshafunikwa, walisema, na wewe mwenyewe huna nguvu. Subiri mwakani, mkwe atakuja kurudisha vitu vya marehemu na kuondoa msiba, na mjukuu atakuja naye. Mjukuu ni Faith, mtoto pekee wa Erica, miaka tisa wakati huo. Alizaliwa na kukulia huko, hajui Kiswahili, hajui Kinamwanga. Anasema Kitonga cha baba yake na Kiingereza cha shule.

Mwezi mmoja baada ya matanga Clever alinunua simu nyingine, akampigia Sebastian, akaomba azungumze na mtoto, kisha akampa mama yake. Ferista alisema "Halo," akasikia pumzi ndogo upande wa pili, akasikia maneno yamepita mbio, halafu kimya. Akamrudishia Clever simu. Clever akajibu kitu kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, akaaga, akakata.

"Amesema nini?"

Clever alizungusha simu mkononi. "Ameuliza kwa nini hukuja kumwona mama yake."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ulikuwa unaumwa. Mama, ningemwambia nini? Ni mtoto."

Ferista hakumgombeza. Alikaa na jambo hilo siku mbili, na siku ya tatu alimfuata Mwalimu Sadoki nyumbani kwake, akamwambia anataka Kiingereza. Mwalimu akasema atakuja kumtafsiria siku mtoto akifika. Ferista akakataa. Uongo ulikuwa umemfikia mjukuu wake kwa mdomo wa mtu mwingine, na ukweli usingepita njia hiyo hiyo. Alitaka kumwambia Faith kwa mdomo wake mwenyewe, akimtazama usoni: sikuumwa, ilikuwa hivi. Hicho tu ndicho alichokitaka katika lugha nzima ya Waingereza.

Basi maneno kumi yakaanza. Wiki za kwanza yalikuwa ya nyumbani na sokoni, na aliyapata upesi kuliko Mwalimu alivyotarajia. Kila alichokishika alikitaja. Alitaja kijiko, alitaja ufagio, alitaja chumvi. Alimfundisha Sabra kutaja mafuta na chupa ili apate wa kumwuliza maswali. Alipokosa, alirudia neno mara ishirini huku anapepeta mchele, na wateja wakadhani anasali. Mwalimu alimzoesha pia kuyaunganisha: ndoo ina maji, maji ni moto, nipe kijiko. Aligundua kwamba mwanafunzi huyu hasahau neno alilolipata kwa mkono, ila lile lililotoka hewani hupotea kabla ya asubuhi, na kwa siri akaanza kuona kwamba miaka yake thelathini na minane ya tembo na mfalme ilikuwa na walakini.

Siku moja mwezi wa pili Mwalimu alifungua daftari jioni, akakuta orodha ya namna nyingine. Kujua. Kutojua. Kusoma. Kufungua. Kuchelewa. Kungoja. Kosa. Uongo. Kaburi. Kusamehe. Akavua miwani.

"Mama Erica, tulipatana uandike ulivyovishika."

"Hivyo ndivyo ninavyovishika, Mwalimu. Kila siku."

Akamwandikia. Hayo yalichukua miezi. Neno la kijiko lina kijiko chake mezani, ukilisahau unakitazama na linarudi. Neno la kuchelewa utalitazama wapi? Ferista aliyasoma asubuhi, yakampotea mchana, akayasoma tena. Mara nyingine aliyakumbuka yote kumi akakwama kwenye lile la kaburi, akafunga daftari, akauza mchele bila kusema na mtu. Sabra aliacha utani. Alikuwa ameshajua Kiingereza hicho ni cha nini. Ferista alipofikisha sentensi nne za kumwambia Faith, zilizokarabatiwa na Mwalimu mpaka zikanyooka, Sabra ndiye aliyemsikiliza kila asubuhi kabla ya wateja. Hakujua maana yake, lakini aliukariri mlio wake, na Ferista akiruka kipande alimsimamisha, "Hapana, hapo huwa unashuka."

Sebastian na Faith walifika mwezi wa nane, shule za Zambia zikiwa zimefungwa. Clever aliwapokea mpakani mchana. Sebastian alikuwa amekonda. Aliketi sebuleni na wazee, macho chini, sanduku la nguo za Erica likiwa kati yao kwenye mkeka, na Ferista kwa desturi alibaki nje mpaka mambo ya wazee yakaisha. Faith alikuwa mlangoni, mrefu kwa umri wake, na kipaji cha uso kilikuwa cha Erica, hakikubakiza kitu. Ferista alimshika mkono akampeleka jikoni, nyuma ya nyumba, wakawa wawili.

Hakuanza na sentensi zake. Alianza na vitu. Alishika ndoo, akaitaja. Alishika sufuria, akaitaja. Alishika mwiko, akasita, akautaja kwa jina la kijiko kikubwa, na mtoto ambaye hakuwa amesema neno tangu afike akatabasamu akamwambia jina la mwiko lenyewe. Ferista akalirudia. Wakaendelea hivyo, chumvi, kisu, nyanya, bibi akitaja na mjukuu akinyoosha, na kwa muda wa sufuria ya maji kuchemka walikuwa na furaha. Ndiyo, furaha. Ferista alijua kwamba angeweza kuishia hapo, kwamba mtoto hakuuliza kitu, na kwamba hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu akiuacha uongo wa Clever ulale ulipo.

Akaketi kwenye kigoda. Akamwambia kwa Kiingereza, polepole, sentensi zote nne bila kuruka kipande:

"Mimi sikuumwa. Baba yako aliandika, na ujumbe ulifika. Mimi sikujua kusoma lugha yenu, sikuufungua. Ningejua, ningekuja siku ile ile."

Faith alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliinama akaokota punje ya mchele sakafuni, akaizungusha kwenye vidole, kisha akaanza kusema. Alisema haraka, na Ferista akainua mkono, akamwomba aende taratibu. Mtoto akaenda taratibu, kama anayemsomea mtu mdogo kuliko yeye.

Alisema hospitalini baba alitaka kupiga simu. Siku ya Jumanne. Baba akasema liwalo na liwe, desturi tutaitengeneza baadaye, nampigia mama yako. Mama akamkataza.

"Mama alisema usimpigie, Bibi yuko kwenye basi. Alisema, ujumbe umefika tangu jana, mama yangu namjua, ameshapanda basi. Ukimpigia atashtuka, na yuko peke yake safarini. Mwache afike."

Ferista alikuwa akimtazama mdomoni. Neno la basi alilijua. Kushtuka, alilipata mwezi wa tano. Peke yake, kufika, mwache, yote yalikuwa kwenye daftari kwa mwandiko wa Mwalimu Sadoki. Alijiandaa miezi tisa kumwambia mtoto jambo moja, na katika miezi hiyo yote haikumjia kwamba anayejifunza kusema anajifunza na kusikia.

"Alikuwa akihesabu," Faith akasema. "Alisema sasa Bibi yupo Mpika. Baadaye akasema sasa Bibi yupo Lusaka, anabadilisha basi. Jumatano kila mlango ukifunguliwa anageuza kichwa." Akamtazama bibi yake, akaona uso hautikisiki, akaingiwa na wasiwasi kwamba amesema maneno magumu. "Umenielewa, Bibi? Nirudie?"

Maji yalikuwa yanafurika kwenye sufuria na kuzima moto. Ferista akajibu kwa Kiingereza kwamba ameelewa, ameelewa vizuri. Na Faith, ambaye tangu avuke mpaka hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye isipokuwa baba yake, akasogeza kigoda kingine, akaketi karibu, akaendelea kumsimulia.